Shingo ya Clem Howells

Jumamosi ile ya Februari 1953, wateuzi wa timu ya taifa ya raga ya Wales walipanda treni mpaka bonde la wachimba makaa kumtazama Ithel Probert, daktari kijana wa hospitali ya huko, akicheza. Kila mtu alijua. Asubuhi, Ithel alipopita wodini kabla ya kwenda uwanjani, mgonjwa mmoja, mchimba makaa mstaafu, alimshika koti.

"Leo usikimbie kidaktari," alimwambia huku akikohoa. "Kimbia kama umeiba."

Ndivyo alivyokimbia. Kufikia mapumziko timu yake ilikuwa inaongoza, na pua yake ilikuwa imevimba. Hiyo ilikuwa kazi ya Clem Howells, mchimba makaa wa timu pinzani kutoka bonde la jirani, aliyempiga kiwiko kila refa alipogeuka.

"Jitibu basi, Daktari," Clem alimkejeli.

Zikiwa zimebaki dakika kumi, skramu, lile fungu la wachezaji wanaosukumana vichwa chini, iliporomoka. Wote waliinuka isipokuwa Clem, aliyebaki chali matopeni, macho yamemtoka.

"Probert," alisema taratibu, "siisikii miguu yangu."

Wenzake walikwisha kumshika mabega na magoti wamnyanyue. Ithel alijitupa chini, akakidhibiti kichwa cha Clem kwa mikono miwili.

"Mwacheni. Shingo imeumia. Mkimnyanyua hivyo mtamuua."

"Unapoteza muda kwa sababu mnaongoza," nahodha wa akina Clem alifoka.

"Achana na mechi. Nenda ukang'oe mlango wa chumba cha kubadilishia nguo, uulete hapa tumlaze juu yake."

Nahodha alimtazama usoni, kisha akaenda.

Barabara ilikuwa na barafu, na gari la wagonjwa lilichukua dakika arobaini. Ithel alipiga magoti muda wote huo bila kuachia. Watu walianza kwa kunung'unika, wakaishia kuvua makoti na kuwafunika wote wawili. Wateuzi waliangalia saa zao, wakawahi treni.

"Wale jamaa zako wanaondoka," Clem alisema.

"Nimewaona. Usigeuze shingo. Una mke?"

"Ceinwen. Leo nilitakiwa kupaka rangi jiko lake. Ataniua."

"Basi shingo isikusumbue."

Clem alitaka kucheka, machozi yakamtoka badala yake. Ithel aliyafuta kwa kidole gumba, kidole pekee alichoweza kukitoa.

Gari lilipofika, watu sita walimhamishia juu ya ule mlango kwa pamoja, Ithel akihesabu.

Majina ya timu yalitangazwa wiki iliyofuata. La Ithel halikuwemo, na halikuja kuwemo kamwe. Jambo hilo lilimuuma; siku mbili hakugusa gazeti. Lakini wiki ya nne, alipokuwa akimkagua Clem, kidole gumba cha mguu wa kushoto kilicheza. Alikaa kwenye kiti cha wageni, akamwomba arudie. Kikacheza tena.

Mwezi wa Julai Clem alitoka hospitali kwa miguu yake, mkongojo mkono mmoja na Ceinwen mkono wa pili. Ithel aliwasindikiza mpaka getini, kisha akarudi ndani kuandika barua ya kuomba nafasi ya kusomea upasuaji wa uti wa mgongo.