Sahani ya Kati

...ile nyeupe, bila shaka, hata kipofu angeishika aseme hii ni ya mkono wa mzee, nyepesi, ukingo wake laini, vidole vyangu hivi vilivyopinda vinaweza kuukunjia bila kupiga kelele, na ile ya bluu ni nzito na ngumu kama sahani ya jela, Godana amesema mara mbili, mara tatu, mwalimu akizoea watoto wa shule anadhani hata bibi kizee ni darasa la nne, "mama zangu, sahani ya kurusha mbali ni ya nguvu, ya kutia kikapuni ni ya maombi, lakini hii ya kati ni ya akili, chagua ya mkono uko nayo leo, si mkono ulikuwa nayo ukiwa msichana," na Aule amekwisha kuchukua ile ya manjano, ameikumbatia kifuani kama amepewa hati ya shamba, kwa hivyo mezani zimebaki mbili, na nyuma yangu amebaki mtu mmoja, na mtu huyo ni Mama Mwongera, anatafuna njugu, namsikia, anazitoa kwenye fundo la leso moja moja, hana haraka, na nikichukua nyeupe yeye anabaki na bluu, hesabu hiyo hata darasa la tano langu linaitosha... nyosha mkono basi, mwanamke wewe, jua limeshapanda na unasimama hapa kama mtu aliyesahau jina lake... "Mama Ekuam, chukua muda wako," anasema Godana, lakini anaangalia saa, heshima ya mdomo hiyo, na Aule anacheka, "Huyu anachagua sahani kama anachagua bwana," na mimi ningemjibu, siku nyingine ningemjibu kwamba bwana mimi sikuchagua, nililetewa na ng'ombe kumi na mbili, sahani angalau napewa mbili niziangalie, lakini ulimi leo umelala, mguu ndio unaongea, kisigino cha kushoto, pale mwiba ulipoingia, juma la pili sasa na bado kinapwita... nyeupe, nasema, nyeupe ukiirusha polepole inapinda kidogo kulia halafu inarudi, inakuhurumia, bluu haihurumii mtu, inashika njia vizuri upepo ukivuma, na mchana hapa upepo unavuma hadi unakuvua leso, lakini inataka bega la kijana, ukiirusha kwa bega la uzee inakwenda hatua ishirini, inainamisha kichwa na kuanguka kushoto kama mlevi aliyeona mtaro, na saa nane tunarusha, sisi watatu, vikapu tisa, mwenye kurusha mara chache ndiye atakwenda mashindano ya Nanyuki Jumamosi, nafasi ya mama mzee ni moja tu, Aule hawezi, Aule anarusha kama anafukuza kuku, ni mimi au ni yeye huyu nyuma yangu, na amekwisha kununua raba nyeupe za mtumba, nilimwona juzi mlangoni anazisugua kwa mswaki na dawa ya meno, miaka sitini na nane, amechuchumaa anasugua raba, nikamuuliza unakwenda kuolewa, akasema, "Naenda Nanyuki, Mungu akipenda, na kama ni wewe unaenda nitakuazima, si mguu yetu ni moja," aniazime raba... mimi... nani alituleta kwenye mchezo huu lakini, si upuuzi wetu wenyewe, walipokuja kusimika vile vikapu vya chuma na minyororo yake pale uwanjani nyuma ya Bulla Pesa tulisema kaunti imeleta mapipa ya takataka, Aule akatia maganda ya ndizi, mwingine akasema hapana, hivyo ni vya kuchomea nyama, kura zinakaribia, mpaka Godana akatoa sahani kwenye mfuko akairusha, ikaenda, ikaenda, ikagonga minyororo, chring, ikaanguka ndani ya kikapu, na mimi niliyekaa pembeni nikinuna nikasikia bega langu linaamka, kwa sababu nilichunga mbuzi za baba tangu nikiwa na meno ya utoto, na mchungaji asiyejua kurusha ni mchungaji wa fisi, nilikuwa nampiga mbweha kwa jiwe akiwa mbali kama kutoka hapa mpaka kwenye ile choo, nikasema nipe hiyo kitu, wewe mwalimu, na nikarusha, na watu wakapiga kelele, na kwa mara ya kwanza tangu bwana wangu Lodio azikwe mtu aliniangalia si kwa kunihurumia... basi nikadhani ni wangu, mchezo, nikadhani nimeupata mwenyewe, halafu Mama Mwongera akafunga kibanda chake cha miraa akaja kuangalia, akasema na mimi nijaribu, mwanamke wa milimani ambaye hajawahi kuchunga hata kuku, na akarusha vizuri, si kwa nguvu, kwa ule mkono wake wa kufunga mafungu ya miraa tangu asubuhi mpaka jioni, mkono unaojua kuvuta na kuachia, na Pasaka akanishinda kwa mrusho mmoja, mmoja tu, akapewa zawadi sahani ya kati ya rangi ya chungwa, Godana akamwandikia jina lake mwenyewe kwa kalamu nyeusi, KAGWIRIA, herufi kubwa, na mimi nikasema, mbele ya watu wote, "Wameru wameshindwa kuchukua Isiolo kwa ramani ya mpaka, sasa wanaichukua kwa kikapu," na watu wakacheka mpaka wakashika magoti, na yeye akacheka zaidi ya wote, lakini nilimwona anageuza ile sahani upande jina lisionekane... hapo ningenyamaza, mtu wa ulimi mrefu angalau anajua ulimi wake umemaliza kazi, lakini mimi nilikwenda na kidonda nyumbani, nikakilisha, nikakinywesha... na majuma mawili nyuma, alfajiri, nafagia uani, naiona, chini ya ua wa miti ya miiba, mathenge, imelala kama tunda limeanguka, yake, alikuwa amerusha jioni akielekea kwetu, upepo ukaipeleka, macho yake hayafiki tena mbali, akaipoteza, na mimi nikaiokota, na hapo bado sikuwa mwizi, kuokota si kuiba, mbuzi ya watu ikiingia zizini kwako si kosa lako, baba alikuwa akisema, mnyama akipotea akaja kwako unamtangaza, unasimama mbele ya watu unataja rangi yake kwanza, kabla ya salamu, kabla ya kujieleza, rangi kwanza, ili mwenye wake apumue, halafu mengine yatafuata, ilikuwa hivyo kwetu, rangi kwanza, na mimi nilikuwa na mdomo, na alikuwa hapo, ukuta mmoja tu kati yetu, namsikia anakohoa, ningesema tu kupitia ukuta, Mama Mwongera, ya chungwa, na angejibu asante na tungekunywa chai... nikaingia nayo ndani, nikachukua waya ya kusugulia sufuria nikasugua jina, K ikatoka, A ikatoka, ile G ilikataa, nikasugua mpaka vidole vikatoa damu, nisingetumia bidii ile kusugua sufuria zangu, halafu, Mungu wangu, halafu nikatia msumari kwenye jiko mpaka ukawa mwekundu, na nikaichoma, pale kando, ile mistari miwili na kipinde, emachar, chapa ya ukoo wetu, chapa ya baba, plastiki ikatoa moshi ikanuka kama nywele zilizoungua, nikaangalia nikasema haya, sasa ni yangu... na nilijua, hiyo ndiyo haina dawa, nisiseme sikujua, mtoto wa mjini angesema sikujua, mimi nilikuwapo siku yule mtu aliletwa kwa baba kwa sababu amechoma chapa yake juu ya chapa ya jirani, mbuzi mweusi mwenye madoa, na watu walitaka apigwe, na baba akasema msimpige, mfungulieni huyo mbuzi jioni tuone, na mbuzi akafunguliwa, akaenda, mdomo chini anachungachunga, akalipita zizi la yule mtu kama hajawahi kuliona, akaenda moja kwa moja kwa mwenye wake, na baba akasema, mbuzi hasomi chapa, anajua njia, na yule mtu alihama, hakufukuzwa, alihama mwenyewe na watoto wake juu ya punda, hakuna aliyemuaga, na chapa hiyo ya baba, ya mtu aliyesema maneno hayo, ndiyo nimeipiga juu ya jina la jirani yangu, kwa msumari wa kugongea bati... nikaiweka chini ya godoro, kwa sababu mwizi mjinga ndiye mimi, rangi ile nani asiyeijua, ningeirusha wapi, usingizini? na mchana huohuo akapiga hodi, "Mama Ekuam, sahani yangu imepotea, macho yangu imeisha, twende unisaidie kutafuta, wewe unaona kama tai," na nikaenda, ndiyo, nilivaa ndala nikaenda, saa nzima kwenye mathenge, nainama, nainua matawi, nasema labda huku, labda kule, labda ni wale wa kuokota plastiki wamepita nayo, nilisema hivyo pia, nikawasingizia watu maskini ambao hata sura zao sikuzifikiria, na mwiba wa mathenge ukapita ndala ukaingia kisigino mpaka nikakaa chini, na yeye akaacha kutafuta, akanishika mguu akauweka mapajani mwake, mguu wangu huu mchafu, akatoa pini kwenye leso yake akanichokoa mwiba, polepole, anapuliza, anasema pole, pole, mimi ndiye nimekuleta hapa kwenye miiba, na niliangalia kichwa chake kimeinama, mvi zake, na sikusema, Mungu alinipa nafasi nzuri kama ile, mwiba, pini, watu wawili tu na mbuzi wa watu, na nilichosema ni angalia, unaniumiza... ncha imebaki ndani, najua, ncha ilivunjikia humo... na jioni akaja kunipa pole, akakaa kitandani kwangu, juu ya godoro, juu yake kabisa, akanywa chai yangu vikombe viwili akasema nyumba yako ina amani, huyu huyu aliyelala sakafuni kwangu siku tisa Lodio alipokufa, hakulia na mimi, hakuniimbia, aliosha sufuria, siku tisa aliosha sufuria za waombolezaji, na mimi nina ya kwake chini ya matako yake... "Mama Mwongera atachagua mwisho," alisema Godana leo asubuhi, "kanuni ni kanuni, mwenye kupoteza sahani yake anachagua mwisho," na yeye akasema sawa mwalimu, kosa ni yangu, na nikaangalia viatu vyangu... na sasa mkono uko juu ya meza, hauendi kushoto, hauendi kulia, kivuli chake kimezifunika zote mbili, na nyuma yangu anasema, mdomo umejaa njugu, "Chukua hiyo nyeupe, Mama Ekuam, ndiyo ya mkono wako, na mguu yako bado inauma, mimi nitashika hiyo ingine, kwani itaniuma?" na Aule anasema, "Aii, wewe unataka kushindwa ama unataka kwenda mbinguni?" na wote wanacheka, Godana naye anacheka, na mimi joto limenipanda kutoka kisiginoni mpaka masikioni, ngozi hii nyeusi Mungu aliitengeneza vizuri, haionyeshi... basi nichukue bluu, ndiyo, hiyo ndiyo njia, nichukue jiwe hilo la bluu, nimwachie nyeupe, saa nane nirushe, inianguke kushoto kila kikapu, aende Nanyuki na raba zake, tumelipana, hakuna aliyejua, hakuna aliyeaibika, nyosha mkono kwenye bluu, ni vidole vinne tu kutoka hapa... halafu atasema nini, namjua, atanishika bega aseme Mungu akubariki, Mama Ekuam, umeniachia nzuri, atawaambia wote kibandani, atawaambia wanunuzi wa miraa mwanamke yule ana ulimi wa nge lakini roho ya dhahabu, na mimi nitaipokea hiyo asante, nitaiweka wapi, chini ya godoro na ile nyingine, nimwibie sahani halafu nimwibie na shukrani, hapana, hiyo ni kuchoma chapa ya pili juu ya ya kwanza, na ya pili haina hata moshi... na ningehama kwenda wapi, punda sina, Garbatulla sina mtu, Bulla Pesa nimezeekea, na mbuzi wa ile kesi ya baba alikuwa na miguu, alijirudisha mwenyewe, hii ya kwangu haina miguu, italala pale mpaka nife, na wakija kunitoa kitandani nani atalifunua godoro, nani ataosha sufuria, ni yeye, ataiona, ataigeuza, ataona ile G iliyokataa kutoka, na mimi nitakuwa nimelala hapo siwezi hata kujitetea kwa uongo... "Mama," anasema Godana, sasa ameweka mikono kiunoni, "jua linapanda, umechagua?" na krach nyuma yangu, njugu nyingine, na mkono wangu bado uko palepale juu ya meza, nyeupe huku, bluu huku, hakuna kilichosogea, na ulimi huu ambao haujawahi kunikatalia tusi lolote umekuwa mzito kuliko zote mbili, rangi kwanza, baba, kabla ya salamu, kabla ya kujieleza, rangi kwanza...

"Ya chungwa," nasema.

"Mama Ekuam, ya chungwa hapa hakuna," anasema Godana, na Aule anaanza kucheka, na nyuma yangu Mama Mwongera ameacha kutafuna.