Vitanda vya Bwana Hisia

Ofisini kwetu kulikuwa na msemo uliochapwa kwa herufi kubwa na kutundikwa ukutani, juu ya mashine ya kahawa: Nafasi ni hisia. Aliyeutunga ni mkurugenzi wetu, msanifu majengo mwenye miwani ya duara na skafu isiyohusiana na hali ya hewa. Mbele yake tulimwita Mkurugenzi. Nyuma ya mgongo wake tulimwita Bwana Hisia. Nadhani alijua, na nadhani alifurahi, maana mtu wa aina ile hata ukimsema vibaya anasikia sifa.

Wakati huo tulikuwa tunachora bweni jipya la chuo. Bwana Hisia hakuwahi kulala bwenini hata usiku mmoja. Alisoma akitokea kwao, akipelekwa na dereva wa baba yake, na jambo hilo alilisimulia kwa sauti ya mtu anayekumbuka dhiki. Hata hivyo, mabweni aliyajua. Alijua kwamba mwanafunzi haendi bwenini kulala, anaenda kukutana. Kwa hiyo karibu ghorofa yote ya chini aliigeuza ukumbi wa vioo wenye ngazi pana ya mbao isiyokwenda popote, ambayo kazi yake ni watu kuikalia na kukutana. Ukumbi huo haukushushwa kutoka mbinguni. Ulimegwa vyumbani. Vyumba vilivyotakiwa kuwa chini vilipandishwa juu, na vya juu vikabanwa ili kuvipisha, kama njiti ndani ya kiberiti.

Vyumba hivyo nilivichora mimi. Nilikuwa mgeni kuliko wote pale ofisini, na vyumba vya kulala ni kazi ya wageni. Wakubwa huchora kumbi. Kila chumba kilikuwa cha wanafunzi wawili. Nikaweka kitanda kimoja ukuta huu, kingine ukuta ule, meza chini ya dirisha, kabati karibu na mlango. Kitanda cha pili kikaingia njia ya mlango. Nikakigeuza, nikakisogeza, nikauhamisha mlango, kila nilipoziba huku kukavuja kule. Nikachukua mchoro nikampelekea.

"Mkurugenzi," nikasema, na sauti yangu, kama ilivyo desturi yake, ikaishia kwenye kola. "Mlango haufunguki wote."

Aliutazama mchoro kwa mbali, kichwa kikiwa upande, kama mtu anayesikiliza muziki wa jirani. "Binti, wewe unaona vitanda. Mimi naona maisha."

"Hayo maisha yataingilia wapi?" nikamuuliza. Lakini nilimuuliza nikiwa nimesharudi mezani kwangu, na aliyenisikia ni kompyuta.

Meza ya jirani alikaa msanifu mwandamizi, ambaye kila mtu alimwita Bwana Ndiyo, kwa sababu iliyo wazi. Akavuta kiti chake hadi kwangu.

"Dada, mbona unajitesa? Tazama." Akakishika kitanda changu kwenye skrini, akakivuta pembeni kwa kipanya, kikanywea. Akakifupisha na cha pili. "Umeona? Chumba kinapumua."

"Hakuna kitanda cha urefu huo."

"Kwenye karatasi kipo."

Huo ni ujanja wa zamani katika kazi yetu. Ukivifupisha vitanda na viti, chumba kinakua bila kuongezwa tofali hata moja. Mteja anatabasamu, anaona watu watacheza dansi humo ndani. Hagundui mpaka siku ya kuhamia, na siku hiyo msanifu hayupo, yuko kwingine anapokea pongezi.

Ningeweza kunyamaza. Kunyamaza ndiyo fani yangu. Hata shule ya msingi walimu walikuwa wananiandikia alama za mahudhurio siku nilizokuwepo kwa kukisia. Lakini mdogo wangu alikuwa amepata nafasi katika chuo kile kile, na bweni lile ndilo angehamishiwa likishakamilika. Mdogo wangu ni mrefu. Mtaani wanamwita Mlingoti tangu akiwa na miaka kumi na miwili. Nilipokuwa nakiangalia kile kitanda kilichonywea kwenye skrini, nilikuwa naiona miguu yake.

Chuo kilikuwa na kamati ya ujenzi, na kamati ikataka kwanza ijengewe chumba kimoja cha mfano ikione kwa macho. Ikikikubali, vyote vitajengwa hivyo hivyo. Tukakijenga uani, nyuma ya ofisi, kwa mbao na jasi, na dirisha lake na mlango wake. Seremala akaleta vitanda viwili vya kawaida, vile vinavyouzwa kila mahali. Cha kwanza kikaingia. Cha pili kikaegemea mlango kama mgeni aliyekataa kuondoka.

Seremala akakuna kichwa. "Bosi, nipunguze kitanda au niongeze chumba?"

"Punguza kitanda," akasema Bwana Hisia, bila hata kuvua skafu.

"Vyote viwili?"

"Vyote. Mambo lazima yalingane."

Vikatengenezwa vitanda vipya vifupi na magodoro yakakatwa kwa kisu cha mkate. Vile vya kawaida vikatupwa uani chini ya turubai. Bwana Hisia akalala kwenye kimoja kujaribu, akajinyoosha, akatangaza kwamba anaenea. Ni kweli alienea. Sisemi ufupi ni aibu. Mimi na mama yangu ni wafupi na tunaishi vizuri tu. Aibu ni mtu kujipima yeye, kisha akadhani amewapima watu wote.

Bwana Ndiyo akapiga makofi kidogo. "Mkurugenzi, hapa umeweka historia." Kumvika mtu kilemba cha ukoka ni kazi pia, na yule bwana aliifanya kwa bidii kuliko kazi aliyoajiriwa.

Kisha Bwana Hisia akaona chumba kimekosa uhai. Alitaka msichana akae mezani asome kitabu wakati kamati inapita, ili wazione hisia. Akanigeukia.

"Wewe si una mdogo wako anaingia chuo hicho? Mlete. Kama ni damu yako, atatosha."

Alinitazama utosini mpaka viatuni aliposema hivyo, akaridhika na hesabu yake. Bwana Ndiyo akacheka. Nikafungua mdomo kueleza, halafu nikaufunga. Ofisini pale walikuwa wamezoea kwamba nikinyamaza nimekubali.

"Sawa, Mkurugenzi," nikasema.

Nyumbani mdogo wangu alisimama katikati ya sebule akiwa amevaa gauni lake la sherehe. "Dada, unanipeleka kuonyeshwa kama ng'ombe wa mnada?"

"Unaenda kukaa na kusoma kitabu tu."

"Na nikiambiwa nisimame?"

"Simama."

Mama alikuwa anapiga pasi. Hakuinua macho. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," akasema. "Mwanangu, wakikwambia lala, wewe lala."

"Nivae viatu vya kisigino?"

"Vua hivyo," nikamwambia. "Sitaki waseme ni viatu."

Akanitazama, akaelewa. Kumbe dada mtu ana mambo. Akavaa ndala.

Siku ya kamati tulifika mapema. Mdogo wangu akainama kupita mlangoni kwa mazoea tu, kwani mlango ulikuwa umepimwa vizuri, nimeupima mimi. Uso wa Bwana Hisia ulibadilika kama maziwa yaliyodondoshewa ndimu.

"Huyu nani?"

"Mdogo wangu."

"Shikamoo," akasema mdogo wangu kutoka huko juu.

Hakuitikia. Wageni walikuwa tayari wanashuka kwenye gari. "Akae," akaninong'oneza. "Akae, asisimame hata kidogo. Wewe na mimi tutazungumza baadaye."

Kamati iliingia ikiongozwa na mkuu wa chuo, mtu mkubwa mwenye sauti ya redioni. Nyuma yake walikuja wajumbe wawili wasiojulikana wanafanya nini, na mwisho mama mmoja mwenye mkoba mzito, mlezi wa wanafunzi. Bwana Hisia akasimama katikati ya vitanda, akatandaza mikono, na ncha za vidole vyake zikakaribia kugusa kuta zote mbili, jambo ambalo mtu mwenye akili angelificha.

"Watu wengi hupima chumba kwa futi," akasema. "Sisi tunauliza: kinakufanya ujisikieje? Nafasi ni hisia."

Mkuu wa chuo akavuta pumzi ndefu. "Naihisi," akasema.

Wajumbe wawili nao wakaihisi. Mmoja alifumba macho kabisa. Nilikuwa nimesimama kwenye kona, nimebana daftari kifuani, na nikawaza kwamba nchi inaweza kujaa watu waliosoma na bado isipatikane rula.

Mama mlezi hakuhisi kitu. Alibonyeza godoro kwa ngumi, akamgeukia mdogo wangu pale mezani. "Mwanangu, nawe unaingia kwetu?"

"Ndiyo, mama."

"Hebu lala hapo nikuone."

"Hakuna haja ya kumsumbua," Bwana Hisia akawahi. "Mimi mwenyewe nimekilalia. Tazameni." Na kweli akapanda kitandani na skafu yake, akalala chali, mikono kifuani, kama maiti ya mtu mashuhuri.

"Nimekuona wewe, baba," akasema mama mlezi. "Nilimwomba yeye. Inuka."

Mdogo wangu akasimama. Chumba kikapungua. Akalala kwenye kile kitanda cha upande wa kabati, akajinyoosha taratibu kama alivyofundishwa na mama yetu, na nyayo zake zikapita juu ya ubao wa miguuni, zikagonga kabati: du. Mlango wa kabati ukafunguka wenyewe.

Mdogo wangu akakunja magoti, akageukia ukutani.

"Mama, naweza kulala hivi," akasema kwa adabu. "Ila nitamaliza chuo nikiwa kama alama ya kuuliza."

Mmoja wa wajumbe akacheka, akamtazama mkuu wa chuo, akaacha.

"Vijana wengi hulala wamejikunja," akasema Bwana Hisia. "Kuna utafiti. Na huyu binti, samahani, si wa kawaida. Kitanda ni cha kawaida."

Ndala za mdogo wangu zilikuwa sakafuni, zimepangwa vizuri, ncha zikielekea mlangoni. Nilizitazama.

Mama mlezi akageuka, akanikuta kwenye kona yangu. "Binti, wewe ndiye mchoraji?"

"Ndiyo, mama."

"Hiki ni kitanda cha kawaida?"

Bwana Ndiyo akakohoa. Bwana Hisia akanitazama kwa lile tabasamu lake la kuwapa watu nafasi ya kujiokoa. Nikatamani sakafu inimeze, lakini ilikuwa ya mbao juu ya saruji, haimezi mtu.

"Hapana," nikasema. Ilitoka ndogo, nikairudia. "Hapana, mama. Vya kawaida viko uani, chini ya turubai."

"Kileteni kimoja."

Seremala na Bwana Ndiyo wakakileta. Huyo bwana hakuwa na namna. Alipoambiwa beba, alisema ndiyo. Wakatoa kile kifupi cha upande wa mlango, wakaingiza kirefu kikiwa kimesimama, na ili kilale ikabidi mlango ufungwe kwanza. Wakaufunga, wakakilaza. Sote tulikuwa ndani.

"Sasa ufungueni," akasema mama mlezi.

Mkuu wa chuo, aliyekuwa karibu, akavuta kitasa. Mlango ukaja kidogo, ukagota kwenye kitanda. Akavuta tena kwa nguvu. Palipatikana upenyo wa kupitisha mkono. Akaupitisha mkono wake nje, sijui kwa nini, akaurudisha.

"Ukiwaka moto?" akauliza mama mlezi.

"Tunaweza kuugeuza ufungukie nje," akasema Bwana Hisia. Mfa maji haachi kutapatapa. "Au chumba kisichokuwa na mlango kabisa. Pazia tu. Kuna uwazi fulani, kuna kuaminiana..."

"Nimekuuliza habari ya moto."

Mle ndani kulikuwa na joto. Skafu ilianza kumshinda, akailegeza. Seremala akauliza kama anaweza kukisimamisha kitanda ili watu watoke, maana yeye ana kazi kwingine. Kikasimamishwa, nasi tukatoka mmoja mmoja tukikipita ubavuni, na mkuu wa chuo akiwa wa kwanza. Alipofika uani akajifuta jasho, akasema kwa sauti ya redioni kwamba tangu mwanzo yeye alikuwa na shaka na chumba kile.

Michoro ikarudishwa. Kamati ikaagiza kila chumba kichorwe na vitanda vya kweli ndani yake, na nafasi inayopungua itolewe kwenye ukumbi wa vioo.

Kwenye kikao kilichofuata Bwana Hisia alitueleza kwamba alifanya makusudi. Alitaka wateja waliguse tatizo kwa miili yao wenyewe, alisema, na hiyo ni mbinu yake mpya, na ataifanyia mhadhara. Bwana Ndiyo akapiga makofi. Mimi nikahamishiwa kwenye vyoo, ili nipumzike na watu. Nikavichora vyoo. Ukikaa, goti haligusi mlango.

Bweni limekamilika sasa. Ukumbi umebaki mdogo, lakini ile ngazi isiyokwenda popote hakukubali iondolewe. Wanafunzi wanaanika viatu pale. Ukutani kuna kibao cha shaba chenye jina lake, na chini yake ule msemo, kwa herufi kubwa.

Mdogo wangu alihamia jioni moja, na kabla hajafungua hata sanduku akanipigia simu.

"Uko wapi?" nikamuuliza.

"Kitandani."

"Mlango?"

"Uko wazi, dada. Wenzangu wanapita wananichungulia." Nikasikia godoro likilia chini yake. "Nimenyooka."