Beseni la Njano Darajani

Cheche hakupenda mikutano. Kwake mkutano ni watu wasio na kazi kukaa kuwasikiliza watu wenye viti. Lakini siku hiyo bibi yake alishavaa viatu, kakaa mlangoni, mkoba mapajani, na yule mama akishavaa viatu hakuna wa kumvua.

"Mume wangu," Bibi akamwambia, "unanipeleka, au nikaolewe na mwingine?"

"Kaolewe. Nina geti la watu la kumalizia."

"Geti halina magoti. Mimi ninayo, na yananiuma. Inuka."

Akainuka. Cheche alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, jina lenyewe limetokana na cheche zilizokuwa zinamtoboa mashati. Shule aliiacha mapema, au shule ilimwacha yeye, inategemea unamuuliza nani. Aliyemlea ni huyo huyo Bibi, na duniani mtu wa kumwambia inuka akainuka alikuwa mmoja tu.

Zamani mtaa wao ulikuwa mmoja. Halafu ikaja barabara kuu, magari yanakwenda na magari yanarudi, katikati ukuta wa zege, ikaupasua mtaa kama mkate. Upande wa huku ukabaki huku. Upande wa pili watu wakauita Ng'ambo, kana kwamba hapo kati kuna bahari. Kuvuka ilikuwa uzunguke mpaka kwenye makutano ya mbali, jua lote lako, au uruke ukuta. Vijana waliruka. Kuna waliofika, na kuna ambao viatu vyao vilibaki barabarani.

Mdogo wake Bibi alibaki Ng'ambo. Walizaliwa tumbo moja, wakaolewa mtaa mmoja ili wasiachane, na barabara ikawaachanisha wakiwa wanatazamana. Kuonana mpaka msiba au harusi, mtu awatafutie gari. Siku nyingine zote walikuwa na beseni na ndoo. Asubuhi Bibi anatundika beseni lake la njano kwenye msumari, ukuta unaotazama barabara. Maana yake, nimeamka. Mdogo mtu analiona, naye anatundika ndoo ya bluu. Nami nimeamka. Basi, siku inaanza. Simu zilikuwepo, lakini huyo mdogo mtu, Bibi wa Ng'ambo, masikio yalishamuaga siku nyingi. Kumpigia simu ilikuwa sawa na kumpigia tofali.

Kwenye mkutano walimkuta msichana mrefu, buti zimejaa tope, kazi yake kuchora mitaa. Watu walishampa jina, Dada Ramani. Mezani alikuwa ameujenga mtaa mzima kwa vibao vyembamba, nyumba ndogo kama viberiti, barabara kuu imepita katikati nyeusi ti.

"Tunataka kujenga daraja la watu," akasema. "Pana, lenye kivuli na mabenchi. Sitawauliza mnalitaka wapi, maana kila mtu atasema mlangoni kwake. Nionyesheni mlikuwa mnapita wapi kabla ya barabara."

Akagawa nyuzi nyekundu na pini. Watu wakatazamana. Mtu mzima unapewa uzi, unajisikia chekechea. Cheche, ambaye kukaa kimya kulimpa kichefuchefu, ndiye aliyetangulia. Akachomeka pini moja mlangoni kwa Bibi wa Ng'ambo, akauvuta uzi ukavuka ile barabara nyeusi, akachomeka nyingine mlangoni kwa bibi yake. Umenyooka.

Baada ya hapo wote wakafuata. Muuza mkaa, fundi cherehani, mama mwenye genge, wazee wa huku na wa Ng'ambo. Kila uzi, hata uanzie wapi, ulipita uani kwa Bibi. Kumbe bomba la maji la mtaa lilikuwa pale, na ua wake haukuwahi kuwa na uzio. Waliokwenda kazini walipita pale, waliokwenda kuchumbia walipita pale. Nyuzi zikalundikana mpaka kile kijumba chake cha kibao hakikuonekana tena.

"Mnaona?" Bibi akasema. "Nilikuwa stendi mimi."

Watu wakacheka. Kabla kicheko hakijaisha akasimama, kajishikilia bega la Cheche. "Mwanangu, jambo moja. Msituletee ngazi. Magoti yetu yameshastaafu, na pensheni hayapati."

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Dada Ramani naye akapiga. Cheche akaona, kumbe mkutano si kitu kibaya hivyo.

Miezi ikapita. Siku moja jioni Dada Ramani akaja nyumbani peke yake, bila karatasi, bila wakubwa. Akapewa kigoda na kikombe cha chai. Chai ikapoa mkononi.

"Bibi, daraja limekubaliwa. Linafuata nyuzi zenu."

"Nimesikia. Mdogo wangu nimeshamtafutia kiti cha kukalia akija."

"Halina ngazi. Ni mteremko. Sasa mteremko ukitaka uwe laini, mtu mzima apande bila kuhema, inabidi uwe mrefu. Hauwezi kuishia pale barabarani." Akaweka kikombe chini. "Unaishia hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa tulipokaa."

Kwenye barabara lori lilipita, vikombe vikatetemeka kama kawaida.

"Ngazi," Cheche akasema. "Weka ngazi, tumemaliza."

"Nikiweka ngazi, linaishia barabarani na nyumba inabaki. Bado naweza kubadilisha, ndiyo maana nimekuja kabla ya wao. Nimejaribu kupinda kushoto, kuna nguzo kubwa za umeme. Kulia ni zahanati."

"Si ubomoe kwenu basi. Mnakuja mnatuchekea na viuzi vyenu..."

"Wewe," Bibi akasema. Hakupandisha sauti. Akamgeukia msichana. "Mdogo wangu ataziweza hizo ngazi?"

"Hapana, Bibi."

"Na mimi?"

"Hapana."

"Basi hunibadilishii chochote. Unaniuliza nataka nyumba au nataka mtu." Akalitazama beseni pale ukutani muda mrefu. "Nyumba bila mtu wa kupiga hodi ni stoo, mwanangu. Bomoeni."

Dada Ramani akaondoka anafuta macho kwa mkono wa shati. Cheche akabaki anazunguka uani, anapiga teke kila kinachopigika.

"Uzi wa kwanza niliuweka mimi," akasema mwishowe.

"Na uliunyoosha vizuri. Usije ukaupinda sasa hivi."

Daraja lilianza kujengwa Ng'ambo, na lilipovuka barabara ndipo wakahamia chumba cha chini kwenye ghorofa nyuma ya soko. Chumba kizuri, mtu asikudanganye. Kilikuwa na vigae, kilikuwa na bomba ndani, na dirisha lilitazama dirisha la mtu mwingine. Nyumba ilibomolewa asubuhi moja, na Bibi hakwenda kuona. Alichouliza ni kama wameuchomoa ule msumari au wameuangusha na ukuta.

Cheche aliapa hatalikanyaga lile daraja. Baada ya hapo akasikia wanatafuta wachomeleaji wa vyuma vya kushikilia pembeni, na Bibi akamwambia, "Nenda ukachomelee wewe, mpumbavu mwingine asije akaacha ncha ikamchana mdogo wangu mkono." Akaenda. Kila kiungo alikisugua mpaka ukipitisha kiganja unadhani ni sabuni. Nyapara wa pale akawa anamtania. "We Cheche, unatengeneza daraja au unatengeneza kitanda cha arusi?"

"Endelea na simu yako, bosi."

Tatizo likawa beseni. Ghorofani hakuna ukuta wa kutazama Ng'ambo. Wiki ya kwanza Bibi wa Ng'ambo alitundika ndoo yake, akasimama pale mpaka jua likamfukuza, beseni hakuna. Mwanawe, mjomba wake Cheche, alimweleza kwa ishara kwamba dada yake kahama, yupo, mzima. Akaitikia. Kesho yake akasimama tena.

Ndipo Cheche akaanza kulibeba. Kila asubuhi Bibi anajifuta uso, analichukua beseni, anamkabidhi mwenyewe mkononi. "Haya mume wangu, kaniamkie." Cheche analivaa kichwani kama kofia, anakatiza sokoni watu wanamcheka, naye anawajibu matusi ya asubuhi. Akifika darajani anapanda mpaka katikati, analitundika kwenye chuma. Dakika si nyingi, ndoo ya bluu hiyo. Jioni analirudisha, kwa sababu Bibi anafulia. Na kila jioni swali ni moja.

"Katundika?"

"Katundika."

"Limebaki kiasi gani?"

"Kidogo, Bibi. Upande wake umeisha, katikati umeisha. Bado huku kwetu kumwaga sakafu ya mwisho."

"Waambie magoti yananiuliza."

Ikaingia baridi. Bibi akaanza kukohoa. Zahanati wakampa dawa, kikohozi kikapungua, kikarudi. Usiku mmoja alikohoa mpaka karibu kunakucha, ndipo akatulia. Cheche alipoamka alimkuta kageukia ukutani, shuka mpaka begani. Akafikiri, angalau kapata usingizi. Mtu kakesha, unamwamshia nini? Akanyata. Akachukua buti, akachukua kofia ya kazi, na beseni akaliondoa mwenyewe nyuma ya mlango, polepole, lisigonge.

Ile ndiyo ilikuwa asubuhi ya kwanza hakukabidhiwa.

Akalitundika. Ndoo ikatundikwa. Akawasha mashine.

Alikuwa kwenye kiungo cha pili alipomwona jirani wa ghorofani anakuja anakimbia, kanga imemponyoka kichwani, na hakuiokota. Cheche hakumngoja afike. Aliiacha mashine inawaka, akashuka, akakimbia. Alimkuta Bibi vile vile alivyomwacha, kageukia ukutani. Jirani mwingine aliyemgusa alisema mwili ulishapoa tangu alfajiri. Tangu alfajiri. Maana yake alipokuwa ananyata, alikuwa anamnyatia nani?

Watu wakajaa, viti vikaazimwa, akina mama wakachukua kazi yao. Mchana akaja mjomba wa Ng'ambo, jasho linamtoka.

"Mama amekataa," akasema.

"Amekataa nini?"

"Amekataa kwamba dada yake kafariki. Nimelia mbele yake, nimemwonyesha kwa mikono, gari lipo nje. Ananitazama kama mwehu. Anasema tusimzulie dada yake, beseni si lile pale juu? Anasema kaliona asubuhi kwa macho yake." Akajikuna shingo. "Cheche, nani katundika?"

Cheche akainuka. Akatoka. Watu walifikiri anakwenda kulia pembeni, wakampisha.

Alipanda daraja kwa upande wa huku, kwenye mbao walizotandaza mafundi. Kazi ilikuwa imesimama, nyapara kashasikia. Toka katikati alimwona Bibi wa Ng'ambo chini kule, mdogo, kasimama kando ya ndoo yake, kiganja juu ya macho. Naye alimwona Cheche. Akampungia, kama kumwambia, mume wetu, hebu waambie hawa.

Beseni lilikuwa linagongagonga chuma kwa upepo. Cheche alilishika kwa mikono miwili. Vyuma vyote alivyowahi kubeba, hakuna kilichokuwa kizito vile. Akasimama nalo, anatamani mtu aje amzuie, hata nyapara. Hakuja mtu. Akalitoa. Akalishusha mpaka magotini, likiwa limetazama chini, akainua uso.

Yule mama hakupiga kelele. Mkono ulishuka kutoka machoni taratibu. Akageuka, akaitoa ndoo kwenye msumari, akaiweka chini. Halafu akaanza kutembea, na si kuelekea kwenye gari. Alielekea kwenye daraja.

"Hairuhusiwi bado," nyapara akasema kwa mazoea. Akaona watu wanavyomtazama. Akavua kofia yake, akaenda mwenyewe kusogeza kizuizi.

Yule mama alipanda peke yake, mkono mmoja kwenye chuma, kiganja kinateleza kwenye vile viungo kimoja baada ya kingine. Hakusimama kupumzika. Mteremko ulikuwa laini kweli. Magari yalipita chini kwa fujo zao zote na yeye hakuyasikia. Alipofika kwa Cheche alimshika mkono bila kumtazama, wakaendelea kushuka pamoja, kwenye mbao, mpaka mbao zikaisha, mpaka sakafu mpya ya zege iliyomwagwa juzi palipokuwa nyumba, nyeupe, haina hata alama.

"Ni hapa?" akauliza, kwa ile sauti kubwa ya wasiosikia.

Cheche akatikisa kichwa kukubali.

"Mlango?"

Cheche akatazama huku na huku. Zamani bomba lilikuwa pale, msumari ulikuwa pale, kiti kilichotafutwa kingewekwa pale. Akasogea, akasimama mahali palipokuwa na kizingiti, beseni kalikumbatia.

Bibi wa Ng'ambo akabaki mbele yake, mikono kaikunja tumboni. Hakusogea. Cheche akafikiri amechoka, akataka kumshika. Yule mama akakataa mkono. Aliendelea kusimama vile vile, kama mgeni anavyosimama, mpaka Cheche akaelewa anangojewa nini. Yeye mwenye mdomo wa kujibu kila mtu, safari hii ulimchukua muda mrefu kuufungua.

"Karibu," akasema, akiuchezesha mdomo taratibu ili asomeke. "Karibu, Bibi. Pita."

Yule mama akainama kwa shida, akavua ndala, akaziweka vizuri pembeni, akaingia.