Kisanduku Kitupu

Tangu utotoni mama ananiita Kiguu na Njia, na wala hanisifu. Yeye ni fundi wa nguo. Hasafiri ila kwa shida maalumu, kwa sababu baba alikuwa dereva wa lori na siku moja lori lilirudi likivutwa, yeye hakurudi. Kwa hiyo kila likizo ya chuo namwambia nimebaki bwenini najisomea. Nusu yake ni kweli. Najisomea, ila katika mji nisioujua, kwenye maktaba yake, kitabu ambacho chuoni hakipo. Wenzangu hunicheka kwamba nakaa ndani ya basi saa tisa nzima ili nikakae kimya. Wacheke tu.

Safari hii nilifuata daftari la mpima ardhi mmoja wa zamani, lisiloazimwa, linalotunzwa chumba cha juu. Utaratibu wa maktaba ile ulikuwa rahisi: begi na simu unaweka kabatini mlangoni, kitambulisho unamwachia mkutubi, naye anakitia kwenye kisanduku mpaka utakapotoka. Ijumaa nilikuta tangazo getini kwamba saa sita mchana maktaba inafungwa, inapulizwa dawa ya mchwa, itafunguliwa baada ya wiki mbili. Mimi nilikuwa nimebakiza kurasa arobaini.

Saa nne nilitoka kunywa chai, nikachukua kitambulisho changu. Niliporudi mkutubi alikuwa anabishana na mtu kwenye simu. Ningengoja amalize, lakini mimi na subira hatujawahi kupatana. Nikatupa begi kabatini, nikapanda juu kitambulisho kikiwa mfukoni.

Zilikuwa zimebaki kurasa mbili nilipomsikia mkutubi chini ya dirisha, akiongea na mtu.

"Kisanduku kitupu, hamna mtu ndani. Huko juu magoti yangu hayanipandishi. Funguo zote hizi hapa."

Nilicheka, nikidhani nitamwahi mlangoni. Nikamalizia zile kurasa mbili, ndiyo, nilizimalizia, kisha nikashuka hadi mlango wa ngazi. Ulikuwa umefungwa. Nikagonga kistaarabu, kama mgeni. Hapo mashine ya dawa ikaanza kunguruma upande wa pili, na ustaarabu ukaniisha. Nilipiga mlango kwa ngumi, kwa teke, kwa kiti. Hata mimi mwenyewe sikujisikia.

Harufu ilipita chini ya mlango. Nilikimbilia juu nikavua kitambaa cha kichwa, nikajiziba pua. Dirisha lilikuwa na nondo na lilitazama ukuta. Nikaanza kurusha vitabu nje kupitia kwenye nondo, mimi nisiyekunja hata kona ya ukurasa, nikavisikia vikianguka kimoja kimoja. Hakuna aliyekuja. Macho yaliwaka, kifua kikabana, miguu ikafa ganzi nikakaa sakafuni.

Niliogopa kufa. Nasema hivyo hivyo, sina namna nyingine ya kulisema. Na nilichoogopa zaidi ni hesabu niliyoipiga pale chini: hakuna mtu hata mmoja duniani aliyejua niko katika mji ule. Wangenitafuta bwenini. Uongo wangu ulikuwa umefanya kazi vizuri mno, na mama angempoteza wa pili bila kujua aanzie wapi kutafuta.

Ghafla mashine ikazimwa. Katika ule ukimya nilisikia simu yangu ikilia kabatini. Wakati wa chai niliiwasha sauti nikasahau kuizima. Ilikuwa saa saba, saa ya mama kula na kunipigia. Nikataka kupiga kelele, kikatoka kikohozi. Simu ikakatika, ikalia tena. Mama hapigi mara moja, hupiga mpaka simu iombe msamaha.

Yaliyofuata nilisimuliwa na fundi wa dawa mwenyewe. Alikuwa amezima mashine aongeze dawa, akasikia simu. Alilitoa begi nje, akavua barakoa, akapokea.

"Wewe nani? Mwenye simu yuko wapi?" mama akauliza.

"Mama, hapa hamna mtu. Mtu kasahau begi. Tunapuliza dawa ya mchwa."

"Mnapuliza wapi?"

"Maktaba."

Alisema hapo alisikia sahani ikiwekwa chini.

"Basi yumo humo. Huyo mtoto akishika kitabu hata nyumba ikiungua hasikii. Acha hiyo dawa yako, mwanangu, panda juu, fungua kila mlango. Mimi sikati simu."

Alinikuta nimelala karibu na dirisha. Alinishusha ngazi amenibeba mgongoni, akaniketisha nje, akaninawisha uso kwa maji ya ndoo. Nilitapika. Kisha akamtajia mama mji tuliopo, akanipa simu, nayo nikaiogopa kuliko ile harufu.

"Mama," nikasema, na machozi yakanishinda.

"Unapumua?"

"Napumua."

"Huo mji uko mbali kiasi gani?"

"Saa tisa kwa basi."

Nikangoja anifokee. Upande wa pili nikasikia anahema kwa nguvu, kama aliyekimbia zile saa tisa zote kwa miguu.

"Likizo zote zile?"

"Zote."

Akapenga kamasi.

"Likizo ijayo uniambie unakokwenda," akasema. "Siwezi kukuzuia, nimeshajua. Ila nikipiga, nijue nimwombe nani akufungulie mlango."