Msafiri Ale Kwanza

Wazee wa kanisa walipokaa kuchagua mtu wa kwenda stesheni kumpokea Mwalimu Elinipa, hawakuumiza vichwa. Walimtaja Nesi Domitila, na sababu wakaitaja mbele yake bila haya: huyu halii.

Ilikuwa kweli. Tangu Warundi walipoanza kuvuka ziwa kwa wingi wakikimbia vita, mwaka wa tatu sasa, Domitila alikuwa akifanya kazi kwenye kituo cha kuwapokea wakimbizi ufukweni. Mwanzoni alilia kama watu wote. Baadaye akawa analia akifika nyumbani. Halafu siku moja akagundua kwamba amerudi, ameoga, amekula, amelala usingizi mzuri, na kulia hakukumbuka. Watu walimsifu kuwa ana moyo mgumu. Ugumu gani! Moyo ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu, na mguu wa ganzi hauumi lakini jaribu kuusimamia uone.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Recho, mtoto wa pekee wa Elinipa, msichana wa miaka tisa, alishikwa na kuhara mwanzoni mwa Agosti. Siku ya pili akafa. Domitila ndiye aliyemfumba macho, akanawa mikono, akarudi ufukweni maana kulikuwa na mitumbwi inaingia. Mtoto akazikwa kijijini Simbo, kando ya kaburi la baba yake. Mama mtu alikuwa Ujerumani, katika mji unaoitwa Augsburg, pamoja na walimu wa mikoa mingine walioalikwa na kanisa rafiki. Hakuambiwa.

Kwetu msafiri haambiwi msiba akiwa njiani. Huambiwa akishafika, akishakaa, akishakula. Ale kwanza, kwa sababu baada ya hapo chakula hakitapita. Ni desturi ya huruma, na mtu asije akasema naitukana. Ila walioianzisha hawakumfikiria msafiri aliye mbali kiasi hicho, anayetembezwa kwenye minara na sherehe huku mwanawe yuko chini ya udongo. Wao walimfikiria mtu aliyekwenda Uvinza, atarudi keshokutwa.

Nyumbani kwa Elinipa, kule Katubuka, walikuwa wakiishi watu watatu tu: yeye, Recho, na Mama Rozalia, mama mkwe wake, Muha wa Simbo aliyeacha shamba lake akaja mjini kumsaidia mkwewe kulea tangu mwanawe, mume wa Elinipa, alipofariki. Mama Rozalia hangeweza kupelekwa stesheni. Akisalimiwa tu machozi yanatangulia jibu. Kwa hiyo walimficha nyumba ya pili, kwa jirani yao Honorata, wakamwambia angoje huko mpaka Elinipa awe amekula na kuambiwa.

"Na kumwambia ni wewe," Mzee Bonaventura, mzee wa kanisa, alimwagiza Domitila. "Lakini pale stesheni umwite kama siku zote. Asishtuke."

Kama siku zote maana yake ni Mama Recho. Mji mzima ulimwita hivyo. Katika kikao kile hakuna mwingine aliyeweza kulitamka jina hilo mpaka mwisho.

Treni ya kutoka Dar ilichelewa kwa saa nne tu, kwa hiyo ilifika mapema kuliko kawaida yake. Wanakwaya waliokuja walimpokea Elinipa kwa haraka haraka, kila mmoja akishika mzigo apate mahali pa kutazama.

"Karibu Mwalimu!"

"Pole na safari, Mwalimu!"

Elinipa aliwatazama mmoja mmoja. Uso wake ulikuwa umepauka kwa uchovu. Ndipo Domitila akajipenyeza mbele, akamkumbatia, akasema kwa sauti ileile anayoitia majina ya wagonjwa kliniki:

"Mama Recho! Karibu nyumbani, Mama Recho."

Elinipa akamtazama machoni, akatazama tena. Halafu akashusha pumzi ndefu, mpaka mabega yakashuka nayo.

"Asante, Dada Domitila," akasema.

Hakuuliza habari za nyumbani. Domitila alikuwa na jibu tayari, kwamba bibi na mjukuu wako Simbo, na alikuwa amelifanyia mazoezi njia nzima. Jibu halikutakiwa. Aliona ajabu kidogo, akashukuru, akampakia mgeni kwenye pikapu ya kanisa.

Elinipa alianza kuongea kabla gari halijawashwa, na hakunyamaza. Aliongea kama anayesoma kitabu cha jiografia kwa darasa lisilosikiliza. Mji wa Augsburg, alisema, una miaka elfu mbili. Ulianzishwa na Warumi, wakati huo hata biashara ya Ujiji haijaota. Una mnara unaitwa Perlach, ngazi zake ni zaidi ya mia mbili, na yeye alizipanda zote. Juu kabisa unaona mapaa mekundu yamebanana, na mito miwili. Una jumba la manispaa lenye ukumbi wa dhahabu. Dari yote dhahabu, Dada, shingo inauma kwa kutazama. Liliungua kwa mabomu wakati wa vita, wakalijenga tena vilevile, na ukiambiwa lilikuwa majivu huamini.

"Kumbe," alisema Domitila.

Nyumbani Honorata alikuwa ameacha chakula mezani: ugali wa muhogo na samaki wa ziwani, migebuka, waliopikwa kwa mawese. Domitila akamimina maji ya kunawa. Alikuwa akihesabu matonge, na hakuona vibaya kuyahesabu. Ilikuwa kazi kama kazi nyingine, dripu ikiisha unabadilisha. Mgeni alikula vizuri. Alikula na kuendelea kusimulia.

Alisimulia sikukuu ya amani. Tarehe nane Agosti ni sikukuu katika mji ule mmoja tu. Miji ya jirani watu wako kazini. Zamani sana Waprotestanti wa pale walipokonywa makanisa yao, vita vikapiganwa miaka thelathini, na amani ilipokuja wakaweka siku ya kumshukuru Mungu. Mpaka leo wanashukuru. Maduka yamefungwa, kengele zinalia, watoto wamevaa vizuri, wana maputo.

Alisimulia pia kijiji cha maskini kilichomo mjini humo, kinaitwa Fuggerei, kilichojengwa na tajiri mmoja yapata miaka mia tano iliyopita. Vinyumba vya rangi ya njano vimepangwa mistari, kama kambi, ila kambi yenye maua. Kila mlango una mpini wa kengele wa umbo lake, ili mtu akirudi gizani apapase ajue hapa ni kwake. Wanaishi humo watu waliokwama maishani, na kodi yao kubwa ni kumwombea yule tajiri sala tatu kila siku.

"Mpaka leo?"

"Mpaka leo. Hawachoki."

Tonge la mwisho likaenda. Domitila akakusanya vyombo, akavipeleka uani, akavipanga kwenye karai taratibu kupita kiasi. Sasa, alijiambia. Alijipapasa ndani kutafuta huruma, hofu, chochote cha kumsukuma, hakukuta kitu. Akarudi sebuleni. Elinipa alikuwa amefuta mikono na kuiweka mapajani.

"Nimekula, Dada," akasema. "Sasa niambie."

"Nikuambie nini, Mama Recho?"

"Mimi si mtoto, na wala sikukulia Ulaya." Sauti yake haikupanda. "Tuliahidiana na Recho kwamba Jumatano nitapiga simu ofisi ya kanisa, awepo. Nikapiga. Akapokea Mzee Bonaventura. Namuuliza Recho, ananiambia kaenda Simbo na bibi yake, wote wazima. Sawa. Namuaga, naye ananiambia, Mungu akutie nguvu. Dada, nani anatiwa nguvu kwa ajili ya kupanda mnara?"

Domitila alimlaani Mzee Bonaventura kimoyomoyo. Mficha maradhi kilio kitamuumbua, na huyu hata kilio hakukingoja, alijiumbua mwenyewe kwa baraka.

"Nikaweka simu chini, nikajua nyumbani kuna msiba. Sijui wa nani. Duniani nina watu wawili tu. Ningeweza kupiga tena, sikupiga. Kesho yake ndiyo ile sikukuu. Nikavaa kitenge changu kipya, nikaenda. Nikapigwa picha. Nilikuwa sisikii kitu, Dada, wanacheka nami nacheka, kama vile nimekopeshwa mdomo wa mtu. Na siku zilizofuata hivyo hivyo. Kila waliponiambia tazama, nilitazama."

"Pole," alisema Domitila. Neno lilitoka lenyewe kwa mazoea ya kazi.

"Usinipe pole, hujasikia. Pale Fuggerei niliingia kwenye kanisa lao dogo. Nikafikiri, kama hawa wanalipa sala tatu kwa siku wapate nyumba, mimi nitalipa tatu. Asubuhi, mchana, jioni. Nikasema, Bwana, kama umeshachukua mtu, awe ni Mama Rozalia. Nilimtaja kwa jina asije akakosea. Yule mama hajawahi kuninyima kitu. Mwanawe alipokufa wenzake walimwambia anifukuze, akafunga virago vyake akanifuata mimi. Nami nimemuua mara tatu kwa siku, karibu wiki mbili. Hata kwenye treni. Tabora, Kaliua, Uvinza, namuua tu."

Domitila akakaa. Hakuwa amepanga kukaa.

"Leo nashuka, wote Mwalimu, Mwalimu. Nikasema basi, mtoto amekwenda, hakuna anayeweza kuliita jina lake. Ndipo ukaja wewe. Umeniita Mama Recho mara mbili, macho makavu, sauti haitetemeki. Nikajua nimesikilizwa." Akaufumbata mkono wa Domitila ndani ya mikono yake, na mikono hiyo ilikuwa baridi. "Kwa hiyo usiogope. Niambie tu Mama alizikwa lini, nikamwombe msamaha kaburini."

Hapo ndipo Domitila alipofungua mdomo na kukuta hamna neno. Alikuwa ametoa habari za vifo kwa Kiswahili na kwa Kirundi cha kubahatisha, kwa baba, kwa wake, kwa watoto, akiwa amesimama na akiwa anatembea, na siku zote neno lilikuja. Sasa aliona aibu, aibu kali ya kumchoma usoni. Walimchagua kwa sababu halii, na kule kutolia kwake ndiko alikosomea huyu mama kwamba mwanawe yu hai. Laiti angelia pale stesheni kama mjinga mwingine yeyote.

"Mama Recho," alianza, kisha akasikia alichokisema.

Nyumba ya pili, kwa Honorata, Mama Rozalia alikuwa ameviona vyombo uani. Chakula kimeliwa, aliwaza, basi ameshaambiwa. Akatoka bila kuitwa na mtu, kanga imefungwa kiunoni, akapita uani na kuingia kwa mlango wa nyuma.

Elinipa alimwona. Alisimama polepole, ameshika meza. Alimtazama mama mkwe wake kuanzia kichwani hadi miguuni, mzima, anapumua. Halafu akatazama nyuma yake, mlangoni, kama kuna mwingine anayeingia. Aliungoja mlango huo kwa muda mrefu sana.

Mama Rozalia alipiga magoti pale pale sakafuni, yeye mtu mzima, mbele ya mkwewe.

"Mwana wanje," alisema. "Mwanangu, unisamehe. Uliniachia mtoto, sina mtoto wa kukurudishia. Nilimwomba Mungu anichukue mimi. Siku zile mbili sikulala. Nikamwambia, mimi nimekula chumvi nyingi, huyu mwache, nichukue mimi."

Elinipa alishuka chini akakaa mbele yake. Akafungua mdomo. Domitila alitaka kumzuia, akanyoosha mkono, lakini hakuwahi.

"Hata mimi, Mama," alisema Elinipa. "Hata mimi nilimwomba akuchukue wewe."

Mama Rozalia hakushtuka wala hakurudi nyuma. Alimvuta kichwa akakilaza kifuani pake, na ndipo Elinipa akalia, kilio kilichowatoa majirani wa Katubuka nje ya nyumba zao. Bibi alimshikilia, akitazama juu ya kichwa chake, ukutani, mahali pasipo na kitu.

"Kumbe tulikuwa wawili," alisema. "Sasa mbona hakutusikia?"