Mpokezi wa Ukoo wa Mwewe

Wakubwa wa Ukoo wa Mwewe hawakuwa wakiugua. Mji mzima ulilijua hilo, na wajinga walilisifu, kana kwamba afya nayo ni tabia njema. Lakini uchawi haupatikani bure. Mkubwa akinena neno, akahamisha mvua ya shamba la jirani au akamfunga mpinzani ulimi katikati ya Baraza, neno lile lilitafuta mwili wa kukalia: homa, mvi, goti linalokataa ngazi. Basi Mwewe, kwa kuwa ni mwewe, walichukua vifaranga vya watu. Kila mkubwa alikuwa na mpokezi wake, anayeketi kwenye kigoda nyuma ya kiti chake. Mkubwa ananena, mpokezi anakohoa. Mkubwa anashangiliwa, mpokezi anapelekwa kulala.

Kinyozi wa jumba aliyajua hayo kwa vidole vyake. Alinyoa wakubwa wa miaka sabini wenye nywele nyeusi ti, kisha akaenda vibandani nyuma ya zizi kuwanyoa wapokezi, akafagia mvi za watu ambao bado wangeweza kucheza mpira. Mkewe alikuwa mmoja wao. Alitolewa kwa Mama Mkuu, kiongozi wa ukoo, na baba yake mzazi, mzee wa watu, ambaye siku hiyo alilia hadi walinzi wakamburuta nje kwa kuwa anawachafulia wageni hamu ya kula. Mke yule alikufa wenzake wa rika wakiwa bado wananyonyesha. Yeye mgongo ulishapinda kama mundu. Mama Mkuu alituma pole na sanda. Sanda yenyewe ilikuwa fupi.

Kinyozi hakuondoka. Aende wapi? Mji mzima, kila kichwa chenye kulipa kilikuwa cha Mwewe au cha mtu anayewaogopa Mwewe. Akabaki, akanoa wembe, akamlea binti yake ambaye watu walimwita Cheche kwa sababu ya mdomo wake, na akawachukia wakubwa wale kimyakimya, kama mtu anayetunza akiba.

Siku moja kabla ya Baraza la Koo, alikuwa akimnyoa mrithi, mwana wa Mama Mkuu. Watumishi walimwita Yai, maana tangu azaliwe alibebwa kwa mikono miwili. Kesho yake Yai angesimama mbele ya koo zote na kuliinua kwa maneno daraja la mawe lililoanguka mtoni. Akiweza, Kiti cha kutawala mji ni cha Mwewe. Mpokezi wake wa zamani alikuwa amekwisha, hata kijiko kilimshinda.

Mama Mkuu aliingia bila kubisha. "Kinyozi," alisema, "wewe una binti."

"Ninaye, Mama. Mmoja tu."

"Mmoja anatosha. Mwanangu naye ni mmoja tu."

"Basi tumelingana, Mama. Kila mtu abaki na wake."

Yai alicheka puani. Kinyozi alimwinua kidevu kwa kidole, wembe ukapita kooni taratibu.

"Naomba," alisema Mama Mkuu. "Sikuamuru. Umesikia nikiamuru?"

Hakuamuru kwa sababu hakuweza. Sheria ya kutoa ilikuwa ya zamani kuliko jumba lenyewe: anayetoa awe ndugu wa damu, akate kishungi cha nywele za mtu wake, akiweke kwenye kiganja cha mkubwa, aseme kwa hiari, "Huyu ni wangu, nimemtoa." Ukimlazimisha mtoaji, uzito wote unakurudia wewe. Ndiyo maana Mwewe hawakuwahi kumpiga mtu ili atoe. Walimfukuza kazi tu, wakamfungia kisima, wakangoja.

"Nimesikia, Mama. Na mimi ninakataa, wala sifoki. Umesikia nikifoka?"

"Mkono wako unatetemeka, na wembe uko shingoni kwa mwanangu."

"Unatetemeka kweli," alisema kinyozi, akaufuta wembe. "Sijui una nini mkono huu. Labda ni uzee, maana sisi wengine tunazeeka."

Jioni hiyo shemeji alifika chumbani kwao. Alikuwa kaka wa marehemu, na msimamizi wa jumba. Watumishi walimwita Ndiyo-Mama, kwa kuwa hilo ndilo jibu pekee alilokuwa nalo. Cheche alikuwa akipiga pasi mashuka ya wakubwa, pasi ya mkaa, chumba kinanuka majivu na sabuni.

"Shemeji, unaziba riziki," alianza hata kabla ya kukaa. "Binti akae kwenye kigoda siku moja, ale vizuri, alale kitanda cha chuma. Wewe unapewa nyumba yenye bati jipya. Unataka nini tena?"

"Dada yako alilala kitanda cha chuma," alisema kinyozi. "Ulimwona alivyoamka?"

"Dada alikuwa dhaifu tangu tumboni."

Cheche aliinua pasi. "Mjomba, hebu rudia."

"Nazungumza na baba yako, mama. Watoto wa siku hizi..."

"Na mimi nazungumza na wewe. Mama alikuwa anabeba magunia ya mkaa mawili, moja kichwani, moja begani. Wewe ulikuwa unabeba nini? Mkoba wa Mama Mkuu?"

Shemeji aliitazama pasi, akaona makaa yamekolea, akasimama. Mlangoni alitabasamu, na tabasamu lile lilimkosesha kinyozi usingizi. Mtu aliyefukuzwa na pasi hatabasamu hivyo, labda awe na mlango mwingine wa kuingilia.

Alikuwa nao. Asubuhi walinzi walimfuata Cheche penye kamba za kuanikia, wakamleta kwenye chumba cha kuvalia kando ya uwanja wa Baraza. Kinyozi alikuwa pale na beseni lake. Alipojaribu kunyanyuka, walinzi wawili walimkalisha, kila mmoja na bega lake.

"Hatukulazimishi kutoa," Mama Mkuu alimwambia. "Tunakulazimisha kukaa tu. Kukaa hakuna sheria." Kisha akamgeukia shemeji. "Wewe ni tumbo moja na mama wa huyu binti. Damu yako ni damu yake. Kuna aliyekulazimisha?"

"Hapana, Mama."

"Unatoa kwa hiari?"

"Ndiyo, Mama."

"Mjomba," alisema Cheche.

Shemeji alikata kishungi cha Cheche juu ya sikio, akakiweka kwenye kiganja cha Yai, akasema, "Huyu ni wangu, nimemtoa," kwa sauti ya mtu anayeagiza chai. Hata pumzi haikumkwama. Mama Mkuu alifurahi waziwazi.

"Mmeona?" aliwaambia wajakazi wake. "Hivi ndivyo watu wastaarabu wanavyotoa. Miaka yote hii ni kelele tu, makamasi, watu wanagaragara sakafuni kwangu. Kumbe inawezekana bila uchafu."

Kinyozi alimtukana. Alimtukana yeye, na mama yake, na mwewe aliyechorwa ukutani. Mama Mkuu hakugeuka. Matusi ya kinyozi kwake yalikuwa kama mbwa wa mtaa wa pili.

Uwanjani koo zote zilikuwa zimepanga viti. Yai alisimama ukingoni mwa mto katika joho jekundu. Nyuma yake, kwenye kigoda, Cheche alikaa ameshika magoti. Kinyozi alisimama kando na walinzi wake, hakutazama mto wala daraja. Alitazama nywele za mwanawe. Alijua mvi zinaanzia wapi, juu ya sikio, ya kwanza kama uzi.

Yai akanena. Maji yakagawanyika, mawe yakapanda moja moja yakichuruzika matope, yakajipanga. Koo zote zikasimama. Mama Mkuu akaanza kupokea pongezi kabla ya jiwe la mwisho.

Nywele za Cheche zilikuwa nyeusi. Kinyozi akangoja. Zikawa nyeusi bado. Binti akamgeukia baba yake, akainua mabega, kama mtu aliyeambiwa dawa ni chungu akainywa akakuta maji.

Ndipo watu wa viti vya mbele wakaanza kunong'ona. Juu ya sikio la Yai palikuwa na uzi mweupe, kisha shungi, kisha kichwa kizima kikawa kama kimemwagiwa unga. Akakohoa. Akashika goti. Daraja likarudi mtoni kwa kishindo, likawalowesha wakubwa wote na majoho yao.

Wakambeba hadi chumba cha kuvalia. Neno likishanenwa hula hadi lishibe, na hili lilikuwa neno kubwa. Ngozi ya mikono yake ilikuwa inakunjamana huku wanaitazama.

"Umefanya nini?" Mama Mkuu alimshika shemeji kola.

"Nilitoa, Mama! Kwa hiari, Mama!"

"Wote hutoa kwa hiari. Wote. Wewe umekosea nini ambacho wao..." Kinyozi alimwona akihesabu sura kichwani, baba baada ya baba, mama baada ya mama, sakafu nzima ya waliogaragara. "Hukulia," alisema polepole. "Haikukuuma."

"Lakini Mama ulisema ni uchafu..."

Akamsukuma kando, akamgeukia kinyozi. Sauti yake ikawa ya asali.

"Baba Cheche." Tangu amjue hakuwahi kumwita hivyo. "Wewe una uchungu naye. Wewe ukimtoa, itapokelewa. Omba chochote. Chochote kabisa."

Kinyozi alikuwa akimfikiria mkwe wake, mzee aliyeburutwa nje akilia. Kwa hiyo machozi yale ndiyo yaliyomfunga bintiye. Angekuwa baba mbaya, mke wangu angekuwa hai. Watu hawa walikula hata upendo wa maskini, wakaufanya kuni, na hawakuwa na habari kwamba wanaula. Akasikia hasira mpya juu ya ile ya zamani.

"Mimi simtoi," alisema.

"Mwanangu anakufa!"

"Uchungu wa mwana aujua mzazi, Mama. Mimi mke wangu alikufa, ukaniletea kitambaa."

"Mama, fanya kitu!" Yai alilia kwa sauti ya mzee. "Toa mtu!"

"Nimtoe nani? Sina ndugu chumbani humu ila wewe!"

"Na yeye ana ndugu," alisema Cheche, akimnyooshea Yai kidole huku akimtazama Mama Mkuu. "Wewe hapo. Si mtoto wako? Akutoe wewe."

Mama Mkuu akarudi nyuma hatua moja. "Mimi nina ukoo wa kuongoza," alisema. Lakini Yai hakungoja. Alinyakua wembe kwenye beseni la kinyozi, akamshika mama yake nywele, nywele nyeusi nzuri ambazo mtu mwingine alizilipia, akakata, akazifumbata.

"Huyu ni wangu, nimemtoa!"

Hakuna kilichotokea. Alirudia. Alikaza macho, akayakamua kama ndimu kavu, akarudia mara ya tatu, na mikono yake ikaendelea kukunjamana.

"Hata chozi moja?" aliuliza Mama Mkuu, mkono kichwani palipokatwa. "Moja tu, wewe?"

"Mbona wewe hukujitoa mwenyewe? Ulirudi nyuma! Nimekuona!"

"Nimekuzaa!"

"Na umenitumia!"

Walinzi walikuwa wameyaacha mabega ya kinyozi. Ugomvi wa wakubwa hauonekani kila siku. Shemeji alisimama katikati akisema ndiyo kwa mama na ndiyo kwa mwana. Kinyozi akamshika binti yake mkono, akaacha beseni na kila kilichokuwa ndani yake, wakatoka.

Getini mlinzi aliwazuia. "Mnakwenda wapi? Ruhusa ya nani?"

"Kaulize ndani," alisema Cheche.

Mlinzi akasikiliza. Kelele zilifika hadi pale, mama na mwana, sasa hata maneno hayakutambulika. Akajikuna shingo.

"Wakiniuliza nitasema nini?"

"Sema tumefukuzwa," alisema kinyozi. "Watakuamini. Ndiyo kazi yao."

Geti likafunguliwa. Wakashika barabara iendayo mbali na mto, kinyozi mikono mitupu, binti akiwa na pengo dogo juu ya sikio ambalo lingechukua majira kadhaa kuziba.