Mizigo Yangu Msinipokee

Nimezaa watoto wawili wenye adabu mpaka zinaniudhi. Nikishika ndoo, inapokewa. Nikinyanyua kikapu, kinapokewa. Juzi nimetoka jikoni na sahani ya wali, kifungua mimba wangu akaidaka kabla sijafika mezani.

"Mama, pumzika. Umeshafanya kazi ya kutosha."

Kazi yangu ilikuwa kufua mashuka ya hospitali, miaka thelathini. Nilikuwa nayakamua mpaka yanalia. Pumzika-pumzika yao ndiyo iliyonimaliza. Mjukuu alipozaliwa nikataka kumnyanyua kitandani, mikono ikatetemeka, baba yake, kifungua mimba wangu, akamnyakua. Tangu siku hiyo nikawa napakatishwa mtoto kochini, mto kushoto, mto kulia, na mkwe wangu amepiga magoti mbele yangu kama golikipa. Iliniuma sana. Nilikwenda kulia bafuni, wasije wakanipokea hata machozi.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo kule kliniki nilikokwenda hakunionea huruma hata chembe.

"Bibi, misuli inarudi hata uzeeni, ila mpaka uifanyishe kazi. Kaa kwenye kiti, simama bila kushika, mara kumi. Nyanyua kitu kizito. Kesho pumzika, keshokutwa rudia. Ukikizoea, ongeza uzito."

Ninyanyue nini katika nyumba ile? Bafuni tu ndiko walikokuwa hawanifuati. Nikaanza na chupa mbili za maji, mlango nimeukomea. Mwezi wa pili nikahamia kwenye vidumu vya lita tatu. Mwezi wa tatu nilikuwa nakaa juu ya kifuniko cha choo na kusimama navyo mkononi, nahema.

Siku moja mlango ukagongwa.

"Mama, dakika ishirini sasa! Tumbo bado?" Huyo kitinda mimba. Walikwishaninunulia dawa za kuhara, kisha dawa za kufunga choo, kwa kuwa hawakujua tatizo ni lipi.

"Anaguna kama anajifungua," mkwe akanong'ona.

Wakati wote watatu wamejazana mlangoni kwangu, mtoto akaangua kilio chumbani. Nikafungua, jasho chapachapa, nikawapita. Nikakunja magoti, nikamnyanyua, nikasimama naye wima. Mikono sita ikanyooshwa.

"Atakayenipokea asitafute radhi zangu!"

Ikashuka yote. Mtoto akanyamaza, akanikodolea macho. Nilifurahi jamani, nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu. Nikazunguka naye chumba kizima, nikamwonyesha dirisha, nikamwonyesha kabati. Mzunguko wa nne mabega yakaanza kuwaka moto. Nikawatazama wanangu. Wamejibanza ukutani, mikono nyuma, hata kukohoa hawathubutu.

"Haya, nipokeeni."

Wakatazamana. "Mama, unatutega?" akauliza kifungua mimba.

"Nakuomba," nikamwambia.

Akaja polepole, akampokea mwanawe. Miaka yote ile, ndiyo mara ya kwanza aningoje niombe.